Barua tunaikumbuka, kizimba tumekisahau

Tangu Emmanuel Nchimbi alipoapishwa kuwa Makamu wa Rais Novemba 2025, jina la Operesheni Tokomeza limerudi midomoni mwa watu. Wanaokumbuka wanakumbuka vizuri: Desemba 2013, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alikuwa mmoja wa mawaziri wanne walioondoka siku moja baada ya Bunge kusomewa taarifa ya yale yaliyotendwa na askari waliotumwa kuwasaka majangili. Kuna wanaosema kupanda kwake hadi hapo alipo ni ushahidi kwamba nchi hii haina uwajibikaji, kwa kuwa mkubwa akianguka leo, kesho anarudi na cheo kikubwa zaidi. Wengine wanasema kinyume chake: tume iliyoongozwa na jaji ilikwisha kuwasafisha mawaziri wale, kwa hiyo 2013 walionewa, na kurudi kwake ni haki iliyochelewa. Nimezisikiliza hoja hizi kwa muda, na naamini zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinapima uwajibikaji wa taifa kwa hatima ya mtu mmoja mkubwa: ameondoka au amebaki, amerudi au hakurudi. Hilo ni swali dogo kuliko lililotakiwa kuulizwa. Waziri kuondoka ni hatua ya kwanza ya uwajibikaji, na tukiigeuza kuwa hatua pekee, walioandika amri, walioisimamia na waliomnyonga mtu mikono kambini hupita katikati yetu bila kuonekana.

Turudi kwenye tukio lenyewe, maana linasimuliwa siku hizi kwa kifupi mno. Tokomeza ilianza Oktoba 2013 kwa sababu nzito. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu tembo wapatao 109,000 Tanzania nzima. Sensa ya 2014 ilikuja kukuta 43,000 na ushei. Katika ikolojia ya Selous na Mikumi pekee, tembo walishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 mwaka 2013. Hakuna serikali yenye akili ambayo ingekaa kimya. Kwa hiyo likaundwa jeshi la mseto: wanajeshi wa JWTZ, polisi, askari wanyamapori, na watumishi wa mamlaka za hifadhi, wakatawanywa mikoani kuwasaka majangili na wenye silaha haramu. Ndani ya wiki chache malalamiko yakaanza kufika Dodoma kupitia midomo ya wabunge: watu kupigwa na kuteswa kambini, wanawake kudhalilishwa, nyumba kuchomwa moto, mifugo kupigwa risasi au kuswagwa hadi wenye mali walipe. Mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, mbunge wa chama tawala, ikatumwa kuchunguza. Tarehe 20 Desemba ikasoma taarifa yake. Raia 13 walikuwa wamepoteza maisha, na waliokamatwa walizidi 1,000. Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alitangaza kujiuzulu mlemle bungeni. Kabla ya usiku kwisha, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilieleza Bunge kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo.

Nilifuatilia kikao kile kwa redio, na sifichi kwamba nilijivunia. Wabunge wa vyama vyote walisema lugha moja. Mwaka uliofuata, nikiwa safarini katika wilaya moja ya magharibi, mzee mmoja mfugaji alinitolea daftari la shule, yale madaftari yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mjukuu wake alikuwa amepiga mistari kwa rula: tarehe, idadi ya ng'ombe, rangi, waliochukua, fedha iliyotolewa. Tarehe zilikuwepo. Idadi ilikuwepo. Rangi zilikuwepo kwa yale majina ya wafugaji ambayo mtu wa mjini hawezi kuyafuata. Fedha zilikuwepo, na hakuna hata mstari mmoja uliokuwa na namba ya risiti. Kwenye safu ya waliochukua kuliandikwa "askari wa kambi" na "wenye gari la kijani", ukurasa baada ya ukurasa. Akaniuliza: "Mwanangu, hao waliofukuzwa kazi Dodoma, ndio waliokuja hapa?" Nilimjibu kwamba hapana, hao walikuwa wakubwa wao. Akaniuliza tena, kwa upole tu: "Na waliokuja hapa?" Sikuwa na jibu.

Swali la mzee yule ndilo linaloonyesha kilichokosekana. Nchi nzima ilijua majina ya mawaziri wanne usiku uleule. Jina la aliyetia saini amri ya operesheni, jina la mkuu wa kambi fulani, jina la ofisa aliyepokea lalamiko la kwanza akaliweka kando, hayo wananchi wengi hawayajui mpaka leo. Hasira ya taifa ilikuwa kubwa, ikapewa vichwa vinne vya kutosha kuituliza, ikatulia. Mwaka 2014 Rais akaunda tume chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, na ilipokabidhi kazi yake mwaka 2015, kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba mawaziri wale hawakuonekana kushiriki moja kwa moja katika maovu yale. Hapo ndipo lilipozaliwa neno "kusafishwa", na neno hilo limefanya madhara makubwa katika mjadala huu.

Maana neno hilo linachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili chenyewe kinayatofautisha vizuri: hatia na dhamana. Hatia ni ya aliyetenda, aliyeamuru au aliyeshiriki, na mahali pake ni mahakamani, kwa ushahidi usioacha shaka. Dhamana ni ya aliyekabidhiwa. Wazee wa TANU waliliweka neno hilo katika ahadi za mwanachama, "cheo ni dhamana", na hawakulichagua kwa kupendeza masikio. Mtu akikuwekea amana, ukailaza mlango wazi, ikaibwa, hakuna anayekuita mwizi. Lakini pia hakuna anayekubali ukasema kwamba kwa kuwa si wewe uliyeiba, basi huna la kujibu. Utaulizwa mlango uliuacha wazi kwa nini. Tume ikisema waziri hakuua wala hakuagiza kuua, imejibu swali la hatia. Swali la dhamana imeliacha palepale lilipokuwa usiku wa Desemba 20, na kwa maoni yangu lilikuwa limejibiwa sawasawa usiku ule. Katiba yetu, ibara ya 53, inasema mawaziri chini ya uongozi wa Waziri Mkuu watawajibika kwa pamoja bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Hapo hapajatajwa kosa la jinai, na haikusahaulika. Kwa hiyo wanaosema mawaziri wale walionewa kwa sababu hawakukutwa na hatia wanadai waziri apimwe kwa kipimo cha mshitakiwa, yaani abaki kazini mpaka ithibitishwe kwamba ni mhalifu. Hicho ni kiwango cha chini mno kwa mtu aliyepewa polisi au jeshi kulisimamia.

Kila mara mjadala huu unapoibuka, mfano unaotolewa ni ule wa Ali Hassan Mwinyi, na alipofariki Februari 2024 ulisimuliwa upya kila kona. Unastahili kusimuliwa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kukomesha mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Nia ilikuwa kuokoa roho za wanyonge kuliko wote. Watuhumiwa waliokamatwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa walinzi wa usalama. Januari 1977 Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye hakumgusa mtu yeyote wala hakuwepo, alimwandikia Mwalimu Nyerere barua ya kujiuzulu. Akaenda kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. (Nchimbi naye, baada ya 2013, alipata kuwa balozi Brazil na kisha Misri. Njia zinafanana kwa namna ya kushangaza.)

Lakini angalia tunavyoikata hadithi hii. Tunaikumbuka barua. Tunasahau kwamba hakuondoka Mwinyi peke yake: Peter Siyovelwa, waziri mwenzake aliyehusika na usalama, aliondoka, na wakuu wa mikoa ile miwili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, nao waliondoka. Tunasahau zaidi kwamba maofisa wa polisi na wa usalama walifikishwa mahakamani kwa vifo vile. Uwajibikaji wa 1977 ulishuka ngazi kwa ngazi, kutoka ofisi ya waziri hadi ofisi ya mkoa, hadi kizimbani. Kwa sababu ngazi zote ziliguswa, barua ya aliyekuwa juu ilikuwa na uzito. Kama Mwinyi angeondoka peke yake na chumba cha mateso kikabaki na watu walewale, barua ile leo ingekuwa karatasi ya heshima ya mtu mmoja, na ndugu za waliokufa wasingekuwa na cha kuikumbukia. Kwa hiyo kurudi kwa mkubwa madarakani baada ya miaka kadhaa hakunisumbui kama kunavyowasumbua wengine. Adhabu ya kisiasa haijapata kuwa kifungo cha maisha, na wala haipaswi kuwa. Kinachonisumbua ni kwamba kati ya 1977 na 2013 tulihifadhi desturi ya mkubwa kuondoka, tukapoteza desturi ya wanaomfuata kuulizwa.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, kwa sababu mojawapo ni ya kweli kabisa. Inasema hivi: waziri yuko Dodoma au Dar es Salaam, askari yuko porini. Hakuna namna ya waziri kujua kila kinachotendwa na kila koplo kwenye kila kambi, hasa katika operesheni ya vyombo vingi ambamo kila chombo kina mkuu wake. Kumwangusha kwa jambo asilolijua ni kumfanya mbuzi wa kafara, na matokeo yake ni kwamba hakuna waziri atakayethubutu kuruhusu operesheni yoyote ngumu. Nakubali nusu ya hoja hii. Ni kweli hawezi kujua kila kitu, na ndiyo maana sidhani Mathayo, ambaye wizara yake ilikuwa ya mifugo na haikuwa na askari porini, alipaswa kuwekwa kwenye mizani ileile na wenye majeshi. Kuwaondoa wote wanne kwa pigo moja kulificha tofauti ambazo taifa lilihitaji kuziona. Lakini nusu ya pili ya hoja siikubali. Mkubwa haulizwi kama alijua kila kitu. Anaulizwa mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake. Kabla ya askari kuondoka, je, uliweka kwenye maandishi nani ana amri juu ya nani, mtuhumiwa akishakamatwa anapelekwa wapi na ndani ya muda gani, mifugo ikikamatwa inaandikwa wapi? Operesheni ilipoanza, je, taarifa zilikuwa zikikufikia kwa njia nyingine mbali na ya walewale wanaoitekeleza? Na lalamiko la kwanza lilipokufikia, ulifanya nini siku hiyo? Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji waziri awe porini. "Sikuwa na taarifa" inakuwa utetezi pale tu ulipojenga njia ya kupata taarifa ikakatwa na mtu mwingine. Kama hukuijenga, maneno hayo ndiyo kosa lenyewe.

Na huo mseto wa vyombo, ambao hutajwa kama kisingizio, kwangu ni sehemu ya shtaka. Mwanajeshi, polisi na askari wanyamapori wana sheria tofauti, nidhamu tofauti na mahakama za nidhamu tofauti. Polisi anajua, hata kama hafuati, kwamba aliyekamatwa anaandikwa kwenye kitabu cha kituo. Kambi ya porini haina kitabu hicho isipokuwa mtu ameamuru kiwepo. Ukiwachanganya watu hawa kwenye gari moja bila kusema waziwazi ni amri ya nani inayosikilizwa na ni sheria ya nani inayotumika, umeandaa mazingira ambayo kila mmoja baadaye atamnyooshea kidole mwenzake. Aliyebuni mpangilio huo ana jina na ana ofisi. Ni ofisa mwandamizi, pengine si waziri, na huyo ndiye tusiyemuuliza.

Hoja nyingine ni ya tembo, na inauma kwa sababu takwimu zake zipo. Lazaro Nyalandu, aliyekuwa naibu waziri wakati huo, alisema wakati operesheni ikiendelea waliuawa tembo wawili, na baada ya kusitishwa, kati ya Novemba mosi na mwishoni mwa Desemba, waliuawa 60. Kwa hiyo, wanasema, kelele za wabunge ziligharimu tembo. Mimi nasoma takwimu hizo kwa namna nyingine. Zinaonyesha kwamba kuwepo kwa askari porini kuliwatisha majangili. Hazionyeshi kwamba kumtesa mfugaji kulimwokoa tembo hata mmoja. Operesheni ingeweza kuwa na magari yaleyale na bunduki zilezile, ikawa na daftari la waliokamatwa na mkuu wa kambi anayejulikana, na tembo wasingejua tofauti. Walioivuruga operesheni ni waliowapiga wananchi mpaka Bunge likalazimika kuisimamisha. Ukitaka kuwalaumu watu kwa tembo wale 60, anza na waliofanya operesheni halali isiwezekane kuendelea.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kuwagusa makamanda kunavunja ari ya askari. Nawaomba wanaoisema waangalie ni askari gani hasa wanaobeba mzigo katika nchi yetu. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati polisi wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Picha zilionyesha askari wengi wamemzunguka. Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwepo eneo lile. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza ikasema haki zilivunjwa, na haikuishia kwa askari wa chini. Mwaka 2016 mahakama ilimfunga mtu mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia: konstebo, askari wa cheo cha chini kabisa katika jeshi zima. Sisemi hukumu ilikosewa. Nasema yeyote aliyevaa sare siku ile alijifunza kwamba amri ikigeuka msiba, itamwangukia aliyesimama karibu zaidi na maiti. Hiyo ndiyo inayovunja ari. Askari wa chini hajitumi mwenyewe porini wala hajipangii operesheni. Anayo haki ya kumwona aliyempanga akisimama mbele yake siku ya kuulizwa.

Kuna jambo la kukiri hapa. Mlango wa mahakama kwa wakubwa ni mwembamba, na una sababu ya kuwa hivyo. Mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi, Januari 2006, yalitangazwa kwanza kama ushindi wa polisi dhidi ya majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ilionyesha kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ilimfikisha kizimbani ofisa mwandamizi, Abdallah Zombe, pamoja na wenzake. Mahakama Kuu iliwaachia mwaka 2009, na Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikamtia hatiani mmoja wao tu na kumwacha Zombe huru. Mahakama ilifanya kazi yake: bila ushahidi usio na shaka kwamba mtu aliamuru, hafungwi, na ole wetu siku tutakapotaka iwe vinginevyo. Lakini kutokana na hili watu hupata funzo lililopinda, kwamba asiyefungwa hana la kujibu. Mimi napata funzo jingine. Kwa kuwa mahakama haiwezi kumfikia kamanda aliyekuwa mbali ila kwa nadra, lazima pawepo na njia nyingine ya kumuuliza, ya kinidhamu na ya kiutawala, yenye kiwango chake cha ushahidi na adhabu zake: kushushwa cheo, kunyimwa amri juu ya operesheni nyingine, kustaafishwa. Kati ya barua ya waziri na kamba ya hakimu kuna eneo kubwa, na kwetu eneo hilo ni tupu.

Wenzetu wamelijaribu kwa njia tofauti, bila mafanikio kamili. London, Julai 2005, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana wa Kibrazil ndani ya treni wakimdhania gaidi. Hakuna askari aliyeshitakiwa kwa mauaji, lakini mwaka 2007 jeshi lenyewe la polisi, kama taasisi, lilitiwa hatiani kwa kuhatarisha maisha ya raia, likatozwa faini ya pauni 175,000. Baraza la wazee wa mahakama likaongeza kwamba Cressida Dick, aliyeongoza operesheni, hakuwa na kosa binafsi, na mwaka 2017 akawa mkuu wa jeshi hilo. Nafikiri hukumu ya namna ile haimtoshi mama aliyefiwa. Hata hivyo iliacha kitu ambacho sisi hatuna: maelezo ya mahakama, ya wazi, yanayoonyesha dakika kwa dakika ni wapi mpango uliharibika.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi katika kutafuta, na mimi naiona ndiyo yenye la kutufundisha. Agosti 16, 2012, polisi waliwaua wachimba migodi 34 huko Marikana. Mkuu wa polisi wa taifa, Riah Phiyega, aliwapongeza askari wake siku chache baadaye. Tume ya Jaji Farlam haikuridhika kuuliza nani alifyatua. Ilikwenda kwenye kikao cha wakubwa wa polisi cha usiku uliotangulia, ambamo uamuzi wa kuwaondoa wagomaji kwa nguvu siku inayofuata ulipitishwa, kikao ambacho tume ilikuta polisi wamejaribu kukifunika. Ilitazama hata maombi ya vifaa ya asubuhi ile: risasi za ziada 4,000, na magari manne ya kubebea maiti. Nirudie hayo ya mwisho. Kabla ya risasi ya kwanza, mtu alikuwa ameagiza magari ya maiti. Agizo la aina hiyo hupita mezani kwa watu wenye vyeo, na karatasi yake ikipatikana, hakuna mkubwa anayeweza kusema jambo lile lilikuwa la ghafla. Ripoti ilipotolewa mwaka 2015, Phiyega alisimamishwa kazi na bodi ikaundwa kuchunguza kama anafaa kuendelea na wadhifa wake. Familia za Marikana bado zina madai mazito ambayo hayajajibiwa, hilo ni kweli. Lakini swali la "nani aliamua, saa ngapi, mbele ya nani" lilijibiwa kwa maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Hapo ndipo tofauti yetu ilipo, na inahusu sheria kuliko tabia za watu. Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, ripoti humwendea Rais aliyeiunda tume, na hakuna kinachomlazimisha kuichapisha. Kwa hiyo tume inaweza kufanya kazi ya uaminifu mkubwa, na bado umma ukabaki na sentensi moja tu: mawaziri hawakuhusika. Kenya walianzisha chombo huru cha kuwasimamia polisi mwaka 2011, Afrika Kusini wana chao. Vyote vina mapungufu, lakini mfiwa ana mlango wa kugonga ambao haumilikiwi na polisi. Kwetu polisi kwa kawaida huchunguzwa na polisi, isipokuwa msiba uwe mkubwa kiasi cha kumfikia Rais. Na baada ya yaliyotokea wakati wa uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, msiba uliomfikia Rais upo: Novemba iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Siandiki ili kuitabiria. Naandika kwa sababu naona mjadala mtaani umeanza kwa swali lilelile la 2013: mkubwa yupi ataondoka? Swali hilo likijibiwa peke yake tutapewa jina moja au mawili, tutalala tukiwa tumeridhika, na baada ya miaka kumi tutabishana tena kama walionewa.

Ningependa tudai vitu vidogo kuliko vichwa vya watu na vigumu zaidi kuvitoa. Amri ya operesheni, kwa maandishi, yenye saini. Kumbukumbu za vikao vya kamati za ulinzi na usalama ambamo matumizi ya silaha yalijadiliwa. Daftari la risasi zilizotolewa ghalani na zilizorudishwa. Orodha ya malalamiko yaliyopokelewa, siku yaliyopokelewa, na aliyeyapokea. Operesheni yoyote halali huzaa karatasi hizi. Isipozizaa, kukosekana kwake kunamhukumu aliyekuwa na wajibu wa kuzitunza. Zikiwekwa wazi, tutajua bila kubahatisha nani alikuwa na dhamana tu na nani alikuwa na hatia, na waziri aliyeondoka kwa dhamana ataweza kurudi siku moja bila kuandamwa na kivuli cha damu asiyoimwaga. Hata wakubwa wenyewe wana faida kubwa katika uwazi huu kuliko katika kusafishwa kwa sentensi moja.

Na kwa waliokufa wakiwa mikononi mwa dola, hatuhitaji hata kusubiri tume. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo tunayo tangu 1980, na inataka kifo cha mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa polisi au gerezani kichunguzwe mbele ya hakimu, aitwe daktari, aitwe mkuu wa kituo, aulizwe marehemu aliingia saa ngapi na akiwa katika hali gani. Haihitaji waziri ajiuzulu kwanza. Inahitaji jalada lifunguliwe kwa jina la marehemu mmoja, kisha wa pili, katika wilaya aliyofia.